Kuchagua kamba vunjajungu wa kufuga nyumbani: tausi, Gonodactylus au mchoma mkuki

Mtu anayetamani kufuga kamba vunjajungu (mantis shrimp), mnyama wa baharini aliye ndugu wa kamba na kaa, kwa kawaida huwa ameshamchagua kabla hajasoma lolote, naye humchagua kwa picha: yule wa kijani, buluu na chungwa anayeitwa tausi, ambaye jina lake la kisayansi ni Odontodactylus scyllarus. Ni kiumbe mzuri kweli, lakini jamii yake, Stomatopoda, ina spishi zaidi ya 400, na wale wachache wanaofugika nyumbani wanatofautiana sana kwa ukubwa, kwa kina cha bahari wanamoishi, kwa aina ya shimo na kwa chakula. Tofauti hizo ndizo zinazoamua kama mnyama ataishi miaka mingi ndani ya tangi au atadhoofika polepole mbele ya macho ya mwenyewe. Kwa sababu hiyo ninalinganisha hapa makundi matatu yanayopatikana zaidi kwa wauzaji, nikianza na swali ambalo naliona kubwa kuliko yote: je, unaweza kumpa shimo na mwanga anaouhitaji?

Mgawanyo wa kwanza ni wa silaha. Kundi moja lina rungu, yaani kiungo cha mbele kilichonenepa kwenye kiwiko, nacho hutumika kuvunja makombe na magamba. Kundi la pili lina mkuki, kiungo chembamba chenye miiba mikali cha kuchomea samaki na kamba wenye mwili laini. Mwaka 2004 watafiti Sheila Patek, Wyatt Korff na Roy Caldwell walipima pigo la tausi na kukuta rungu lake likienda kwa mwendo wa mita 14 hadi 23 kwa sekunde, kasi inayofanya maji yenyewe yatengeneze viputo ambavyo vikipasuka humpiga windo mara ya pili. Wachoma mkuki ni wa polepole zaidi, lakini samaki anayepita karibu na mlango wao hapati nafasi ya kukwepa. Kwa mfugaji, maana ya silaha hizi haiishii kwenye uwindaji, kwa kuwa wenye rungu wadogo huishi ndani ya matundu ya mawe, tausi huchimba penye mchanga uliochanganyika na vipande vya matumbawe, na wachoma mkuki wakubwa hutaka mchanga mtupu wenye kina.

Tausi

Tausi hukua hadi kufikia takriban sentimita 18, na makazi yake yanaanzia pwani ya Afrika Mashariki hadi Guam. Mara nyingi hukaa kwenye kina cha mita 10 hadi 30, chini ya mwamba, katika shimo lenye umbo la herufi U alilolichimba na kulijengea mlango kwa kokoto na vipande vya makombe. Mfugaji akiyatafakari maelezo hayo mafupi ataona kwamba mnyama huyu amezoea mwanga hafifu, shimo refu lenye giza katikati, na maji ambayo hali yake haibadilikibadiliki. Tangi la kawaida la matumbawe, lenye taa kali na mawe yaliyopangwa kwa ajili ya mtazamaji, linamnyima mambo hayo yote.

Matokeo yake ni ugonjwa wa gamba, ambao ndio ninaouhofia zaidi kwa tausi. Huanza kama madoa meusi au ya kahawia kwenye mkia na mgongo, kisha madoa hugeuka vishimo, na gamba huliwa kidogo kidogo hadi nyama ya ndani inafikiwa. Wafugaji wenye uzoefu wanauhusisha na taa kali, ukosefu wa shimo la kutosha na maji yenye uchafu mwingi wa chakula. Dawa ya kutegemewa haipo. Ugonjwa ukiwa mwepesi, huenda ukaondoka pamoja na gamba la zamani siku mnyama atakapojivua, lakini tausi mkubwa hujivua kwa nadra kuliko kamba wadogo, na katika miezi ya kusubiri madoa huwa na muda wa kupenya ndani. Ndiyo maana ninapendelea tausi mchanga wa sentimita 7 au 8 kuliko yule mkubwa anayevutia macho dukani: anajivua mara kwa mara, anayazoea mazingira mapya upesi, na hakuna ajuaye umri wa yule mkubwa.

Tangi la tausi lisipungue lita 120, na 150 ni bora zaidi. Chini liwekwe mchanganyiko wa mchanga, changarawe na vipande vya matumbawe vilivyokufa, kwa kina cha sentimita 10 hadi 15, kisha lizikwe bomba la PVC la upana wa sentimita 5 ambalo urefu wake ni angalau mara mbili ya urefu wa mnyama, likiwa limeunganishwa kwa viwiko ili mwanga usipenye hadi katikati. Bomba fupi lililonyooka, ambalo mtu akichungulia upande mmoja anaona upande wa pili, si shimo hata kidogo kwa mnyama huyu. Mnyama atalifanyia marekebisho mwenyewe, atahamisha mawe, na mfugaji amwache afanye hivyo bila kumpangia upya kila jioni.

Kuhusu kuvunja kioo, habari zinazosimuliwa zina chembe ya ukweli. Mwaka 1998, tausi aliyepewa jina la Tyson alivunja kioo cha tangi katika kituo cha maonyesho ya viumbe wa baharini huko Great Yarmouth, Uingereza. Tukio la namna hiyo ni nadra, lakini kwa mnyama wa zaidi ya sentimita 12 busara ni kutumia tangi la akriliki, yaani plastiki ngumu inayoonyesha kama kioo, au kulaza bamba la akriliki juu ya sakafu ya tangi la kioo kabla ya kumwaga mchanga, kwa sababu pigo la hatari zaidi ni lile linalotokea anapochimba hadi akagota chini. Akriliki huchubuka upesi wakati wa kusafishwa, na hilo ni bei inayolipika.

Gonodactylus na ndugu zake wadogo

Katika kundi hili namweka Neogonodactylus wennerae wa Florida na Karibi, ambaye huko Marekani huingia majumbani akiwa amejificha ndani ya mawe hai, yaani vipande vya mwamba wa bahari vyenye viumbe hai vinavyouzwa kwa wafugaji, pamoja na Gonodactylus chiragra na Gonodactylus smithii wa Bahari ya Hindi na Pasifiki, ambao tunao pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hawa ni wenye rungu, lakini urefu wao kwa kawaida hauvuki sentimita 10. Chiragra huishi kwenye miamba inayobaki wazi au yenye maji machache wakati wa maji kupwa, mahali ambapo jua la mchana hupasha madimbwi na mvua ya ghafla hupunguza chumvi. Mnyama aliyezaliwa katika misukosuko hiyo humsamehe mfugaji makosa ambayo tausi hawezi kuyavumilia.

Lita 40 zinamtosha mmoja. Hahitaji mchanga wa kina, kwa sababu makao yake ni tundu ndani ya jiwe, na jiwe moja lenye matundu mengi litampa nafasi ya kuchagua analolitaka, kuliziba nusu ya mlango, kisha kulihama tena akiona linalomfaa zaidi. Mwanga wa wastani haumdhuru ilimradi tundu lipo. Hatari ya kuvunja kioo cha unene wa kawaida ni ndogo sana.

Ubaya wa kundi hili uko sehemu mbili. Kwanza, rangi yao haipigi kelele: wengi ni wa kijani cha zeituni, kahawia au madoadoa, ingawa smithii ana doa zuri la zambarau ndani ya mkono wa rungu ambalo hulionyesha anapotisha. Pili, tangi dogo hubadilika upesi. Maji yakikauka kwa sentimita mbili tu, chumvi hupanda, kwa hiyo ni lazima kila siku kuongezea maji baridi yaliyochujwa, si maji ya chumvi, hadi kwenye alama ya awali. Asiyeweza kujifunga kwa kazi hiyo ndogo ya kila siku achukue tangi la lita 60 au 80 ingawa mnyama ni mdogo.

Mvuto wa wanyama hawa uko kwenye tabia. Mwaka 1979 Roy Caldwell alionyesha kwamba mmoja wa jamaa zao humtambua kwa harufu mwenzake aliyewahi kupigana naye kuhusu shimo. Ndani ya tangi, baada ya wiki chache za kujificha, hutoka mlangoni akamfuatilia mtu kwa macho yake mawili yanayozunguka kila moja upande wake, na huzijua saa za kulishwa. Kwa anayeanza, na kwa wengi wasioanza, huyu ndiye ninayempendekeza bila kusita.

Wachoma mkuki

Hapa kuna wanyama wawili wasiofanana. Lysiosquillina maculata, mwenye milia kama ya pundamilia, ndiye mkubwa kuliko kamba vunjajungu wote wanaouzwa kwa wafugaji, akikaribia sentimita 40. Katika mchanga wa bahari ya kina kifupi, pamoja na pwani ya Afrika Mashariki, huishi dume na jike katika shimo moja lenye urefu wa mita kadhaa, na dume ndiye awindaye kwa ajili ya wote wawili, hata macho na mikuki ya jike ikawa midogo kuliko ya dume. Mara nyingi anayeuzwa amevuliwa peke yake kutoka katika shimo hilo na mwenzake kuachwa. Ili mnyama huyo aishi kwa afya anahitaji mchanga wa kina cha sentimita 30 au zaidi, ulioshikamanishwa na vipande vya matumbawe ili shimo lisiporomoke, ndani ya tangi la lita 200 kwenda juu. Wengi hufika wakiwa na majeraha ya kuvuliwa, hukataa kula na kufa ndani ya miezi michache. Simshauri mtu yeyote amnunue kwa ajili ya nyumbani, na hilo nalisema nikijua kwamba ni mnyama wa kustaajabisha.

Pseudosquilla ciliata ni habari nyingine kabisa. Urefu wake ni kama sentimita 10, anapatikana katika bahari za joto karibu zote duniani, na hukaa kwenye mchanga na majani ya bahari katika maji mafupi. Anaweza kuwa kijani cha kung'aa, njano au kahawia, na rangi yake huweza kubadilika anapojivua gamba kulingana na mazingira. Tofauti na Lysiosquillina anayevizia mlangoni, huyu hutembea mchana akizurura tangi zima, hivyo anayetaka mnyama wa kuonekana muda wote atamfurahia kuliko hata tausi. Lita 60 zinamtosha akipewa mchanga wa sentimita 8 hadi 10 na vipande vya mawe vya kujifichia. Tangi lifunikwe vyema, maana ni mwepesi wa kuruka.

Maji: ya baharini au ya chumvi ya dukani

Viwango vya maji ni vilevile kwa wote: joto la nyuzi 24 hadi 27, chumvi gramu 33 hadi 35 kwa lita, pH kati ya 8.1 na 8.4, amonia na nitriti sifuri, na nitrati chini ya miligramu 20 kwa lita. Tangi lenye mawe hai na kichujio liachwe likomae kwa wiki nne hadi sita kabla ya mnyama kuingia, na baada ya hapo asilimia 10 hadi 20 ya maji ibadilishwe kila wiki au kila wiki mbili. Wanyama hawa hula nyama na huchafua maji, kwa hiyo kichujio cha povu (protein skimmer), kinachonasa uchafu kwa viputo vya hewa, kinafaa sana, hasa kwa tausi.

Mkazi wa Tanga au Mombasa anaweza kutumia maji ya bahari yenyewe, yasiyo na gharama na yenye madini yote, akiyachota maji yanapojaa, mbali na bandari, mifereji ya maji machafu na midomo ya mito. Wakati wa masika ni bora aache kabisa, kwa kuwa mito kama Sabaki karibu na Malindi na Rufiji kusini mwa Dar es Salaam humwaga matope mengi baharini. Maji hayo yahifadhiwe kwenye madumu safi ya plastiki mahali penye giza kwa siku kadhaa, yachujwe, kisha yapimwe kabla ya kutumika. Aliyeko Nairobi, Kampala au Arusha hana budi kutumia chumvi ya dukani iliyotengenezwa kwa akwaria za baharini na maji yaliyochujwa kwa osmosisi kinyume, yaani yaliyosukumwa kupita utando unaozuia chumvi na kemikali. Maji ya bomba moja kwa moja hayafai, kwa sababu ya klorini na wakati mwingine shaba, na shaba huua wanyama wa jamii ya kamba hata ikiwa kidogo mno. Dawa nyingi za kutibu samaki zina shaba, hivyo tangi lililowahi kutibiwa kwa dawa hizo lisitumike kabisa.

Joto nalo huwagawa wanyama. Katika nyumba za pwani mwezi Februari, au Muscat wakati wa kiangazi, maji yasiyopozwa huvuka nyuzi 30. Feni inayopuliza juu ya maji huyapunguza kwa nyuzi mbili au tatu, lakini huongeza kukauka kwa maji. Chiragra atastahimili hali hiyo kwa muda, ilhali tausi hapaswi kufugwa pwani bila mashine ya kupoza maji au chumba chenye kiyoyozi. Nairobi katika Julai tatizo ni kinyume, na hita inayohitajika iwekwe nyuma ya kizuizi, isifikiwe na rungu. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa ya betri itaokoa maisha ya mnyama, kwa sababu maji ya joto hubeba oksijeni kidogo.

Jambo moja linasahaulika sana katika nyumba zetu, nalo ni dawa ya kuua mbu. Kemikali za kundi la pairethroidi, zilizomo katika dawa nyingi za kupuliza, ni sumu kali kwa kamba na kaa, ambao ni ndugu wa mbali wa wadudu. Chumba chenye tangi kisipulizwe dawa, na pampu ya hewa isivute hewa kutoka chumba kilichopulizwa. Chandarua kitumike badala yake.

Chakula

Wenye rungu wapewe vitu vya kuvunja: konokono wa baharini, kaa wadogo, kaa duvi wanaoishi ndani ya maganda ya konokono, na chaza wenye makombe yao. Kazi hiyo ni sehemu ya maisha yake, na humpa madini na shughuli ambazo kipande cha nyama hakimpi. Siku nyingine kamba mbichi asiye na chumvi wala viungo anafaa. Wachoma mkuki hawana haja ya makombe. Hupewa vipande vya kamba, ngisi na samaki, vikishikwa kwa koleo refu la plastiki na kutikiswa kama vinavyoogelea, kwa sababu wengi hawatambui chakula kisichosogea. Kulisha kila baada ya siku mbili au tatu kunatosha kwa wote, na mabaki yaondolewe siku hiyohiyo. Mkono usiingizwe mahali alipo mwenye rungu wala mwenye mkuki, na akihitaji kuhamishwa atiwe ndani ya chombo cha plastiki au ahamishwe pamoja na jiwe lake.

Mnyama akiacha kula ghafla na kuziba mlango wa shimo kwa kokoto, mara nyingi anajiandaa kujivua gamba. Wapo wanaofukua shimo kwa hofu kwamba amekufa, na kwa kufanya hivyo humuua kweli, kwa kuwa mwili mpya ni laini na rungu haliwezi kupiga wala kujikinga kwa siku kadhaa. Aachwe wiki mbili au zaidi akiwa mkubwa. Kinachoonekana kama maiti mbele ya mlango kichunguzwe vizuri: kikiwa kitupu ndani, chenye kupenyeza mwanga, hilo ni gamba la zamani.

Kumpata na kumpokea

Anayeishi pwani atashawishika kumchukua mwenyewe kutoka mwambani. Hifadhi za taifa za bahari za Malindi na Watamu, zilizotangazwa mwaka 1968, Kisite, pamoja na mwamba wa Chumbe huko Zanzibar, haziruhusu kuchukua kiumbe chochote, na nje ya hifadhi inafaa kuuliza kwanza ofisi ya uvuvi ya eneo hilo. Kuvunja matumbawe ili kumtoa chiragra ni uharibifu usiolipika, na kwa maoni yangu hakuna mnyama anayestahili gharama hiyo. Muuzaji mwenye kibali, anayejua mnyama alitoka wapi na alivuliwaje, ni chaguo salama zaidi.

Dukani, mtazame mnyama akila kabla ya kulipa. Mikono yote miwili ya kuwindia iwepo, ingawa uliopotea huota tena baada ya kujivua mara kadhaa. Macho yasogee bila kukoma. Mkia na mgongo visiwe na doa jeusi hata moja ikiwa ni tausi. Ukifika nyumbani, mtie kwenye ndoo pamoja na maji aliyokuja nayo, kisha ongeza maji ya tangi tone kwa tone kupitia mpira mwembamba kwa muda wa saa moja au zaidi, na taa za tangi ziwe zimezimwa anapoingia. Chakula cha kwanza kitolewe siku ya pili au ya tatu, na konokono mmoja mdogo anatosha.